Sufuria ya Kumi na Saba

Kwenye kona ya tisa juu ya Varlitsa
treni ndogo ya reli nyembamba hulia.
Si honi. Ni chuma kinachosugua chuma,
mlio wa kisu juu ya sahani,
na bibi wa nyumba ya manjano hufunga dirisha
hata Julai.

Miaka thelathini na minane
Kostadin aliinyamazisha kona kwa grisi nyeusi:
ndoo, bapa la mti, goti kwenye kokoto.
Mvua ilishuka, ikaichukua grisi,
ikaipeleka kijitoni bila kuuliza ni ya nani.
Asubuhi maji yalivaa rangi za upinde,
mazuri kutazama,
na trauti wenye madoa waliojificha chini ya jiwe la kinu
wakahamia kwenye hadithi.

Penye udhia penyeza rupia, watu husema.
Rumyana alipenyeza alizeti.

Yeye ndiye mkemia. Mimi niliosha sufuria.
Mafuta ya tambarare za Dobruja,
yale yale tunayokaangia biringani,
chokaa, asidi ya mafuta, maji kidogo,
moto wa nyuzi mia na arobaini,
koroga, koroga,
mpaka sabuni iyashike mafuta
kama sifongo ishikavyo maji
na mwiko usimame wima peke yake.

Ya kwanza iliganda Januari.
Tuliikwangua relini kama nta ya mshumaa.
Ya nne ilikuwa nyepesi, ikakimbia jua.
Ya saba ilichacha ndani ya wiki tatu,
maabara ikanuka kikaango cha mlevi.
Ya kumi na moja ilikauka ikawa vanishi,
gurudumu likanata kama kiatu kwenye lami mbichi.
Ya kumi na mbili sitaisema.
Nilisahau chokaa.

Nikamuuliza: kwa nini tusichanganye kidogo tu
na ile nyeusi?
Hakujibu. Alinipa brashi.

Baadaye, chaki mkononi, akasema:
tunataka kitu kinachodumu, kisha kisidumu.
Relini kivumilie theluji, joto, breki,
gurudumu mgongoni mwa gurudumu.
Lakini kikidondoka, kikigusa udongo,
kikumbuke kwamba kilikuwa ua.
"Mmea unajua kuoza tangu zamani.
Sisi tunauomba usubiri."

Nikawaza wapenzi wanaoapa: nimekufa, nimeoza.
Kumbe kufa si kitu.
Kuoza kwa wakati wake ndiyo shughuli.

Sufuria ya kumi na saba ilipanda mlima mwezi wa Novemba.
Kostadin, mstaafu, alikuja bila kuitwa.
Akaisugua katikati ya vidole, akanusa.
"Hii," alisema, "ni saladi."
Treni ya saa moja na dakika kumi ikaingia konani
na kona ikanyamaza.
Tukasikia kitu ambacho hatukuwahi kukisikia pale:
kijito.

Siku ya nne, mlio ukarudi.

Rumyana alipima joto, akapima unyevu,
akafungua daftari, akalifunga,
akalifungua tena penye ukurasa ule ule.
Nilimwona akihesabu kwa midomo.
Ni Kostadin aliyekaa konani na tochi,
ni yeye aliyetupigia simu saa nane usiku
akicheka mpaka akakohoa:

mbweha.
Mbweha mmoja, mkia juu ya theluji,
anairamba reli kwa adabu
kutoka upande huu hadi upande ule,
kama mtoto anayepewa bakuli la keki.

Daftarini, chini ya namba kumi na saba,
Rumyana aliandika: Haidhuru. Inalika.
Kisha, kwa wino mwingine:
ya kumi na nane, tia shubiri.

Nikaosha sufuria.
Maji yake, yenye ukungu mweupe,
niliyapeleka hadi mlangoni, nikasimama,
kwa mazoea nikatafuta pipa la taka za sumu,
halafu nikayamwaga pale pale
penye mzizi wa mzabibu.
Bibi wa nyumba ya manjano alikuwa bado dirishani,
anasubiri kuambiwa
alifunge au aliache wazi.