Sogea, Usisogee

Studio yangu iko Oli, nyuma ya mashine ya kusaga,
ndiyo maana kila picha yangu ina unga kidogo.
Arua nzima wanadhani ni taa ya kigeni.
Siwakatazi.

Maneno yangu ya kazi ni mawili.
Kwa wachumba: sogea.
Kwa wachezaji: usisogee.
Mwaka wa kumi na sita huu, nakula kwa hayo.

Ezaru na Anguzu niliwapiga siku ya mahari,
bibi na kitenge cha Ariwara, bado kinanuka duka,
bwana na koti la kuazima, mikono imemeza vidole.
Kati yao ingepita baiskeli na gunia lake la muhogo.
Sogea, nikasema. Wakasogea
wote wawili, upande mmoja,
pengo nalo likahama nao.
Nyuma yao mjomba anahesabu ng'ombe kwa kidole,
anafika wa nne, anatilia shaka, anaanza upya.
Sogea, Ezaru.
"Hajamaliza kulipa," akasema bila kugeuka,
na Anguzu akacheka kama mtu aliyekanyagwa,
akainama, paji la uso likagusa kilemba.
Hapo nikabofya.
Mjomba naye yumo, kidole juu, yuko kwa wa tatu.

Ucanda alikuwa mpiga agwara.
Walitoka Nebbi kwa lori la matofali
kuja kufungua zahanati:
hotuba saa tatu, agwara dakika kumi na mbili.
Jasho halijakauka akanifuata.
"Nipige peke yangu. Kila picha niko nyuma ya mtu."

Usisogee.
Akatulia, nikabofya.
Nikaona mtu anayengoja sindano,
pembe ameishika kama jembe la jirani,
na yale mashavu yaliyoamsha watoto mgongoni mwa mama zao
yamelala.
Tena. Usisogee.
Goti la kulia likakataa.
Lilianza lenyewe, taratibu,
kama mtoto anayevuta kanga ya mama sokoni,
twende, twende,
na mwili mzima ukakubali kwenda.
Nikabofya goti likishinda.

Ikatoka: uso wazi, pembe tatu badala ya moja,
na chini ya kiuno, vumbi tupu.
"Mguu wangu uko wapi?"
Ulisogea.
"Basi nalipa nusu. Nusu nyingine ukiupata mguu."
Akahesabu elfu mbili na mia tano,
picha akaniachia iwe dhamana.
Nikaitundika kwenye msumari wa mlangoni.
Wateja waliinamisha vichwa kuisoma.
Mmoja aliniuliza kama kamera yangu inaumwa.

Jumanne kaja kaka yake, Ofoyrwoth,
viatu vina tope la njia ndefu, kofia mkononi.
"Ucanda ana picha kwako?"
Alisema ana.
Ile kofia ndiyo iliyosema alikuwa.

Nikamtolea mbili, nikaziweka mezani.
Hii ya kwanza ni safi, nikamwambia, ina miguu yote,
itafaa mbele ya watu, kwenye jeneza.
Aliitazama muda, akaisukuma kwa ukucha.
"Huyu ndiye niliyemwacha nyumbani, kwenye mkeka."
Akachukua ile ya vumbi,
akaifungia ndani ya shati, upande wa ngozi.
Kisha akatoa noti zilizokunjwa ndogo, ndogo sana.
Elfu mbili na mia tano.
"Alisema anadaiwa mguu."

Nilizipokea.
Ningekataa, ningekuwa nimesema deni limekufa.

Ezaru alipita jana kuchukua zake.
Anataka nimkate mjomba.
Nimemwambia mjomba ni bei nyingine.

Jioni mashine ya kusaga inapowaka
ukuta wote hutetemeka, fremu hugongana,
na pale mlangoni msumari mtupu
unacheza peke yake.
Naupita na funguo mkononi.
Siuambii neno.