Hakuna 3.4.2

Tasnifu zenu sisomi.
Nasoma vichwa.
Mwaka wa ishirini na tatu huu, chumba namba tisa, Tartu,
dirisha linatazama theluji na baiskeli zilizosahauliwa,
na rula yangu ya chuma, baridi kama ufunguo.

Kichwa cha kwanza: katikati, wino mzito, herufi kubwa.
Cha pili: kushoto, wino mzito, herufi za kawaida.
Cha tatu kiandikwe mlazo, kiingie ndani kidogo
kama mgeni anayevua viatu mlangoni.
Cha nne sikitaki.
Anayefika cha nne amepotea, na mwenyewe anajua.

Wamenichukia wengi.
Mwanafunzi mmoja wa elimu ya nyota alilia kwa ajili ya nukta
iliyokaa mwisho wa kichwa, mahali isipotakiwa.
Nikampa chai. Nukta sikumwachia.

Machi akaja Kärt na kurasa mia mbili za kinamasi:
maji yake, mboji yake, miaka elfu kumi
iliyolala tabaka juu ya tabaka
bila kuulizwa namba.
Sura ya tatu. 3.4, halafu 3.4.1:
*Shimo la Heino*.
Halafu 3.5.

Rula ikasimama yenyewe.
"Binti," nikasema, "kitu hakigawanyiki mara moja.
Penye cha kwanza sharti pawe na cha pili.
Nani amekata mkate akabaki na kipande kimoja?"

"Heino ni baba," akasema. "Alitoboa shimo moja.
La pili alikuwa analiendea,
Novemba, barafu ikiwa bado changa."

Kanuni zetu zina kurasa kumi na nne.
Nilizipekua zote
kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Tukakifuta kichwa, mimi na yeye.
Vipimo vya Heino vikashuka, vikawa aya
chini ya 3.4, bila namba, bila jina,
vikachanganyika na maji ya wengine.
Kwenye kompyuta Yaliyomo yakajipanga upya;
mstari mmoja ukazama.
Nikagonga muhuri.

Ila kabla ya aya ile kuna nafasi,
pana kuliko kanuni, labda milimita mbili.
Sijui ni yeye aliyeiacha au ni mashine.
Niliiona siku ileile.
Rula sikuiinua.