Pampu Ilikuwa Imezima

Kiwanda cha zamani cha barafu, Malindi, nyuma ya soko la samaki.
Kiingilio mia mbili. Viatu unaacha mlangoni.
Mimi si mwanamuziki, mimi fundi wa pampu.
Niliambiwa: wimbo wa kwanza, maji yalowanishe nyayo;
wa mwisho, yafike kwenye kifundo. Yasizidi.

Nyevu anapiga mapipa ya dizeli.
Lali analikwaruza gitaa kwa gamba la chaza
mpaka linalia kama lango la chuma lisilotaka kufunguka.
Changawa haimbi. Anasoma daftari la kisima cha mamake, Mambrui,
mwaka kwa mwaka, munyu juu ya munyu,
na mwangwi wa kisima chenyewe,
walioutegea kipaza sauti Jumanne,
unatuzunguka ukutani.

Wakatugawia chai, imepikwa kwa maji yale yale.
Bi Mwanakheri, muuza viazi karai, akaonja:
"Wallahi hii ndiyo ninywayo kila siku.
Mia mbili nimelipia nini?"
Lali akacheka, akapotea noti.

Wimbo wa tano, tokeni zikaisha.
Giza. Gitaa likakatika katikati ya neno.
Watu wakapiga makofi, wakidhani ndiyo sanaa.

Nikapapasa pampu: ina joto bado, lakini haipumui.
Nikauliza mguu wangu.
Maji yameshapita kifundo, yanaukwea muundi,
yanatoka kwenye nyufa za sakafu,
nami nikakumbuka leo ni bamvua.

Huko mlangoni viatu vimeanza kuondoka vyenyewe,
kila kimoja na njia yake.
Makofi hayajaisha.