Mchoro wa Saba

Mchoro wa kwanza niliuita Hekalu.
Bi Wairuri aliutazama, akafuta miwani kwa ncha ya leso,
akautazama tena, akauliza:
"Na choo kiko wapi?"

Ekari moja na robo, ukingoni mwa msitu wa Oloolua,
pale Nairobi inapoishiwa na pumzi
na Mbagathi unapita chini ya majabali ukijisemea.
Wanawe walitaka nyumba za kupangisha, orofa nne,
maji ya kisima, kodi kila tarehe tano.
Yeye alitaka pa kukaa kimya,
yeye na yeyote aliyechoka kusema.

Miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye swichibodi ya posta,
visikizi masikioni, nyaya mkononi,
akiunganisha mdai na mdaiwa,
tanzia na mfiwa,
mchumba wa Kisumu na uongo wa Mombasa.

Nikajua ugonjwa, nikajua na dawa.
Nikachora kuta: mawe ya Ndarugo, unene futi mbili,
dirisha jembamba kama jicho la anayesinzia,
mlango nyuma ya mlango,
dari iliyoshindiliwa sufi.
Nikapima kelele kwa chombo cha kuazima:
ndege ndogo za Wilson, kila dakika nane asubuhi;
chimbo la mawe upande wa Rongai;
jenereta ya jirani; mbwa wa jirani; jirani.

Mchoro wa pili, wa tatu, wa nne,
kila mmoja ukinenepa ukuta.
Wa tano Kisilu, fundi wetu wa mawe, aliugeuza juu chini, akacheka.
"Hii si nyumba ya kutafakari, msanifu.
Hili ni ghala la benki.
Mtu atatafakari kidogo, kisha ataomba funguo."

Ndipo Bi akaniambia nije usiku, bila karatasi.
Tukaketi juu ya rundo la mawe,
viatu vimevaa viatu vingine vya tope jeusi.
Perere akaanza juu ya muhugu:
kwanza mlango mkavu, unaofunguliwa na mtu asiye na haraka,
kisha kikohozi,
kisha kama kuna anayenyongwa.
Niliruka. Yeye hakuruka.

"Unajua kimya nilikisikia wapi?" akasema.
"Kazini. Saa tisa za usiku.
Nimeunganisha watu wawili, huyu Nyeri, yule Voi.
Wote wameinua simu.
Hakuna anayesema, hakuna anayekata.
Nasikia pumzi huku, nasikia pumzi kule,
na katikati mvumo wa waya, nchi nzima imelala juu yake.
Sheria ilitaka nichomoe sikio langu.
Nilikawia.
Hicho ndicho nataka unijengee."

Nilikuwa na jibu la kitaalamu. Nikalimeza.

Mchoro wa sita niliuchana mwenyewe.

Wa saba una kuta tatu.
Wa nne ni msitu, na haukuhitaji kibali cha jiji.
Paa limeinamia upande mmoja
ili mvua ya Aprili ishuke kwa mnyororo,
tone likimkanyaga tone, hadi kwenye birika la mawe.
Sakafu ni udongo mwekundu, umeshindiliwa, ukapakwa nta.
Muhugu tuliuacha; baraza limepinda kiuno kuupisha,
kama mtu anavyompisha bibi kizee kwenye benchi la kanisa.
Choo kiko kushoto. Mlango wake haulii.

Jana tulisimamisha nguzo ya mwisho.
Kisilu akaning'iniza timazi, tukangoja itulie:
yeye, vibarua watano, Bi Wairuri na kiti chake cha plastiki,
mimi na penseli niliyosahau nyuma ya sikio.
Ndege ya Wilson ikapita juu yetu, ikaenda zake.
Kule bondeni mbwa wa jirani akamjibu mbwa mwingine.
Timazi ikayumba, ikapunguza, ikasimama.
Uzi umenyooka tayari,
na bado
hakuna anayekata.