Ndoo ya Chumba cha Mifagio

Thunder Bay, Januari, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
kila mdomo unafuka.
Dereva wa basi anafuka, mwalimu wa hesabu anafuka,
hata mbwa wa jirani anabweka moshi.
Usiniulize basi nani anavuta na nani anapumua.
Baridi imewafunika wote shuka moja.

Mimi Arvo Kesti, mtunza shule.
Nazibua vyoo.
Zamani nilitoa humo nywele, matambara,
mara moja meno ya bandia, sijui ya nani.
Siku hizi natoa vepu:
ndani ya tangi la maji, zimefungwa plastiki kama mayai ya mdudu,
nyuma ya bomba la joto,
moja ndani ya kalamu nene, imetobolewa kwa ustadi
ambao mwalimu wa useremala hajauona kwa mtoto yeyote.

Bi Petryk, naibu mkuu, aling'oa milango ya vyoo,
akafunga king'ora kinachonusa.
Watoto wakajifunza kuumeza moshi.
"Wanaumeza, Arvo," akaniambia,
kama mtu aliyeona samaki akipanda ngazi.

Zilizokamatwa hukaa kwangu, ndooni, chini ya mchanga,
maana zina betri, zina sumu,
na gari la kuzichukua huja Ijumaa.
Waridi. Zambarau. Kijani cha limau.
Tikiti barafu, imeandikwa hii. Hii embe.
Ukifunua kifuniko, chumba chote chanukia
sherehe ya mtoto anayetimiza miaka mitano.

Jumanne, saa kumi na moja na nusu alfajiri,
nilikuwa nje na koleo, nakwangua theluji mlangoni.
Akaja Rhett Maunula, mlinda lango wa timu ya hoki,
koti wazi, mikono haina glavu.

"Ile ya bluu," akasema. "Ni yangu."
Nikakwangua.
"Mama anadhani naamka mapema kwa ajili ya mazoezi."
Nikakwangua.
"Naamka saa tisa usiku. Saa haijalia. Kuna kitu kinaniamsha."
Akajigusa, si penye moyo, juu kidogo,
kana kwamba mdai anabisha hodi pale kooni.

Kimlacho ki nguoni mwake,
mkono wa kushoto, ndani ya upindo:
niliuona upindo ule, mtupu, umelegea,
na vidole vyake vikirudi kuupapasa.

Ningeweza kumwambia ya kwangu.
Miaka thelathini kwenye maghala ya nafaka, pakiti mbili kwa siku,
na majira yale ya kuacha, nilipotafuna vijiti hadi fizi zikatoka damu
na Irja akaficha funguo za gari.
Lakini yangu ilinuka. Ilinisaliti kwenye pazia, kwenye ndevu.
Tena yangu iliisha: moto hufika kwenye kichungi,
unaungua kidole, unajua moja imekwisha.
Yake haina kidole cha kuungua.
Ni mgeni asiyeaga.

Nikampa koleo.
Akalishika kama fimbo ya hoki, akasukuma theluji,
akatoa pumzi nyeupe, ndefu, safi,
akaitazama ikipotea.
Nilidhani (mzee ni mtu wa kudhani)
kwamba tumeshinda kitu pale, yeye na mimi na koleo.

Dakika kumi na moja.
Akalisimamisha ukutani, taratibu, kwa heshima.
"Ile ya bluu," akasema.
Midomo ilikuwa inamtetemeka,
na haikuwa baridi. Mimi naijua baridi.

Ijumaa, kijana wa gari alihesabu mbele yangu, akaandika:
ishirini na tatu.
Daftari langu linasema ishirini na nne.

Kufuli ni zima.
Ufunguo uko mmoja, nami hulala nao.