Ampia Ishirini na Nne

Saa nane usiku, Oktoba, nyuzi kumi chini ya sifuri,
malori kumi na moja yamejipanga kwenye uwanda wa Saskatchewan,
taa zao zikimulika theluji ambayo bado haijaamua kushuka,
na lifti ya ngano imekata tena.
"Mara ya nne," anasema Prystupa, meneja wa ghala,
kidole chake kikiwa bado kwenye kitufe cha buluu
kama mtu anayebonyeza kengele ya nyumba iliyohamwa.
Kwake yeye, mzigo wa mota ni kanda la usufi.

Nikamwambia: toa mkono.
Nikapanda ngazi, nikasugua kibao cha mota kwa kidole gumba
mpaka namba zikajitokeza kwenye vumbi:
volti mia tano sabini na tano,
ampia ishirini na nne.
Ishirini na nne. Si "kama ishirini na nne".
Nikashuka kwenye kabati la swichi, nikawasha kurunzi.
Kile kigurudumu cha relei, kidogo kama ukucha,
kilikuwa kimeelekezwa ishirini na nane.

Ndani ya kile kidude kuna mabamba ya metali mbili
yaliyounganishwa mgongo kwa mgongo,
ndoa isiyo na talaka.
Joto likizidi, moja hutanuka upesi, jingine hujivuta,
hivyo yote mawili hupinda,
na kule kupinda ndiko kunakosema: basi.
Hakuna akili humo.
Ukikizungusha mbele, humwongezei mota nguvu hata chembe;
unaisogeza tu saa ya kusema basi
mpaka ng'ambo ya moshi.

Nilimtukana Prystupa kimoyomoyo, tusi refu, la Kiukreni, la bibi yangu.
Sikulimaliza.
Upande wa ndani wa mlango, kwa penseli:
28. M.W.
Na tarehe ya vuli iliyopita.

Metro Woloschuk.
Aliyenifundisha kushika bisibisi bila kuikaba,
aliyenipiga kofi la mkono siku niliyotaka kukisia:
kibao kwanza, binti, halafu mdomo.

Nikazima swichi kuu, nikafunga kufuli langu,
ufunguo nikautia soksini.
Tukafungua kitako cha lifti.
Ngano mbichi ilikuwa imeshikamana kama saruji,
na pembeni, karibu na joto la beringi,
ilikuwa imeshaota:
vichipukizi vyeupe, virefu, vinavyotafuta jua
ndani ya sanduku la chuma.
Tulichimba kwa sepetu, mimi na Prystupa
na dereva mmoja kijana, Tetrault, aliyeacha lori lake linanguruma.
Hatukusemezana.

Nikarudisha kigurudumu kwenye ishirini na nne.
Tukawasha.
Mita ikabana waya: ishirini na mbili na nusu.
Ndoo zikapanda, zikashuka, zikapanda.
Prystupa akaondoka kwenda kuita lori la kwanza
bila kusema asante, na nikaona ni sawa.

Asubuhi nikapitia hospitali ya Yorkton.
Metro alikuwa amelazwa, nyaya tano kifuani,
sanduku dogo likimhesabia mapigo.
Hakuuliza habari za mavuno.
"Ulikuta ngapi?"
"Ishirini na nane."
Akatazama dirisha. Nje, lori moja tupu lilipita.
"Malori yalikuwa mengi," akasema.
"Nilikuwa nirudi Jumatatu, niishushe."
Hatukuzihesabu hizo Jumatatu.

Sanduku likalia.
Nesi akaingia haraka, akabonyeza kitufe, likanyamaza,
akageuka aende zake.
Metro akamshika mkono wa koti:
"Dada, subiri.
Kwanza tazama limelia kwa nini."