Kandamoja

Kwetu Paragwai bahari hatuna.
Tuna mto, tuna vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye mswaki,
na tuna bibi yangu Nimia, ambaye kwa miaka sabini na moja
hakuamini kwamba maji yanaweza kuwa na chumvi
bila mtu kuyatia.

Basi baba akaazima gari la mjomba Ovidio.
Saa kumi na tisa njiani, watu sita na jagi la barafu,
Liz amelalia tikiti maji,
mama, mpakani, akiwatolea askari wa Brazili vyeti vyetu vya kuzaliwa
kama mtu anayegawa karata.

Asubuhi, nyuma ya hoteli ndefu, ikawa ile pale.
Kaka yangu Derlis, aliyeapa hatashangaa,
alivua fulana, akaivaa tena.
Bibi alishuka polepole, akachota kwa kiganja, akaonja,
akatema.
"Nani kafanya hivi?"

Tulimfukia baba.
Alijitakia mwenyewe: alilala chali akasema, chimbeni.
Tukampandisha mchanga mpaka shingoni,
tukamchongea mkia wa samaki, magamba kwa kizibo cha soda,
tukamwachia mkono mmoja nje
wa kushikia kikombe cha tereré.
Binti mmoja wa pale, Jandira, alikuja na ndoo yake bila kuitwa.
Hajui Kiguarani. Kireno chake kilitupita kama upepo.
Lakini ndoo ni ndoo.

Mto wetu ukitaka kujaa hutangaza siku tatu kabla.
Hili wimbi halikubisha hodi.
Pwaa! Mkia huo, kwaheri.
Pwaa! Kikombe nacho.
Mchanga ulioloa ukamshika baba kama saruji,
naye anacheka, anameza, anatema, anacheka,
mama anamwita kwa majina yake yote, hata lile la ubatizo
ambalo hatukuwahi kulisikia,
(Bonifacio!)
Derlis anachimba, bibi anachimba na kanga za magoti yake zimelowa,
hata Valdir, muuza mahindi, kaacha sufuria likifuka
akaja mbio na koleo lake mkononi
kana kwamba angemng'oa kama hindi.

Akatoka
na mlio wa chupa inayozibuliwa.
Watu tusiowajua walipiga makofi.

Ndipo tukakumbuka kandambili.
Alizipanga pale majini, pua mbele, kama mlangoni kwetu.
Ya kulia ilikuwepo.
Ya kushoto ilikuwa inakwenda zake, buluu juu ya buluu,
ikiwapita waogeleaji bila haraka.
Jandira alitaka kuifuata. Baba akamzuia,
akaipungia mkono.

Valdir alitupa mahindi sita na hakuweza kuhesabu pesa kwa kicheko.
Bibi alilitazama lake,
akalipeleka ukingoni, akalichovya baharini,
akatafuna.
"Kumbe ina kazi," akasema.

Sasa ni Agosti, upepo wa kusini, vumbi limerudi kwenye mswaki.
Mlangoni iko ile ya kulia, peke yake.
Liz huuliza kama kandambili ikibaki moja
bado ni kandambili.
Mama kila Jumamosi huifagilia kwenye taka.
Baba huifuata, huikung'uta, huirudisha.
"Iache," husema. "Mwenzake yuko safarini."